UZI: Kreatinini ikiwa sawa usiishie hapo, zitazame na protini za damu

Mpimaji

Wakuu, habari za usiku. Nafanya kazi maabara, upande wa kemia ya damu, mwaka wa kumi na moja huu. Humu mimi ni wa kusoma na kupita, ila leo nimeshindwa kupita.

Nina shangazi wa miaka 68. Kwa miaka mitatu amekuwa akipima figo na kila mara anarudi na karatasi ileile: kreatinini 0.9. Anaambiwa mama figo zako safi, nenda kapumzike. Na mwenyewe alikuwa anaitunza ile karatasi kama cheti. Wakati huohuo alikuwa anapukutika. Mapaja yameisha, mikono imebaki mifupa na ngozi, na magoti yanamuuma kiasi kwamba diklofenaki haikauki kwenye mkoba wake.

Mwezi uliopita nikamtoa damu mwenyewe. Mashine ilipomaliza kuizungusha, seramu ikakaa juu, ya njano, safi kabisa, hakuna cha kukutisha kwa macho. Nikapima kreatinini: 0.9, kama kawaida. Nikaongeza kipimo ambacho hakuna aliyewahi kumwandikia, sistatini C. Ikatoka 1.5.

Sasa tazameni hesabu. Kwa mwanamke wa umri ule, kreatinini 0.9 inakupa kiwango cha uchujaji, ile eGFR mnayoiona kwenye majibu, karibu 70. Sistatini C ya 1.5, mtu yuleyule, mkono uleule, tyubu ileile, inakupa karibu 41. Ukitumia kanuni inayochukua zote mbili kwa pamoja unapata kama 53. Katika 70 mtu anaambiwa nenda nyumbani. Katika 53, ikidumu zaidi ya miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo, na zile diklofenaki, dawa za maumivu zinazoumiza figo, zilitakiwa kusimama zamani.

Kwa nini zimepishana hivyo? Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Mwenye misuli mingi anatoa nyingi, aliyekonda anatoa kidogo. Figo za shangazi zilikuwa zinashindwa kutoa taka, na misuli yake nayo ilikuwa inazalisha taka kidogo zaidi kila mwaka, basi namba ikabaki palepale. Upungufu mmoja ukaufunika mwingine. Sistatini C ni habari nyingine. Ni protini ndogo ambayo karibu kila seli ya mwili yenye kiini huitengeneza, kwa mwendo usiobadilika sana. Figo huichuja yote kisha huivunjavunja. Ikianza kupanda kwenye damu, jambo la kwanza la kushuku ni chujio. Nayo ina kasoro zake: tezi ya thairoidi isipokaa sawa, dawa za steroidi, sigara na unene uliozidi huweza kuiyumbisha. Ndiyo maana kanuni inayozichanganya zote mbili huwa karibu zaidi na ukweli kuliko moja peke yake.

Ninachotaka kusema ni hiki: damu ina protini nyingi, na kila moja inajibu swali lake kuhusu figo. Sistatini C inajibu "chujio linachuja kiasi gani". Albumini inaweza kukuonyesha kwamba chujio linavuja. Na zipo nyingine zinazopanda mapema, wakati chujio bado zima, kama moshi kabla hujauona moto. Kreatinini peke yake huja kusema mambo yakishakwenda mbali.

Nipo. Mwenye swali aulize, mwenye kujua zaidi yangu anisahihishe.

Kitinda Mimba

Mkuu Mpimaji, asante sana. Umeandika jambo linalonihusu moja kwa moja. Mimi ni mwanaume, miaka 36, sina kisukari. Wiki iliyopita nimepima: kreatinini ya kawaida, eGFR 96, lakini albumini ya damu 2.7. Jioni miguu inavimba, soksi zinaacha mtaro. Asubuhi nikiamka kope zimejaa. Mkojo una povu ambalo halipotei. Nimeambiwa nina upungufu wa protini, nile protini kwa wingi. Nimeanza hadi kunywa zile za unga za watu wa mazoezi. Sasa umesema albumini inaonyesha chujio linavuja. Nifanyeje?

Mpimaji

Ndugu yangu Kitinda Mimba, acha hiyo protini ya unga leo hii. Naandika haraka halafu nitafafanua: nenda kapime mkojo, uwiano wa albumini na kreatinini, sampuli ya asubuhi. Usisubiri mwezi ujao.

Sasa nifafanue, maana najua wapo wengi wanaosoma kimya wenye majibu kama yako.

Albumini hutengenezwa na ini. Kawaida yake kwenye damu ni 3.5 hadi 5.0, gramu kwa kila desilita. Kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji ndani ya mishipa. Ikipungua sana, maji hutoroka na kukaa kwenye nyama, ndiyo huo mtaro wa soksi na hizo kope, ingawa na chumvi ambayo figo inakataa kuitoa ina mchango wake. Albumini inaweza kushuka kwa njia nyingi. Ini limechoka, halitengenezi. Mwili una mchochota wa muda mrefu, yaani kinga imewaka na haizimiki, basi ini linapunguza kutengeneza albumini na kushughulika na protini za kupambana na maradhi. Utumbo unaipoteza. Njaa ya kweli, ya muda mrefu. Au figo inaimwaga kwenye mkojo.

Kwako wewe dalili zote zinanyoosha kidole kwenye figo. Kila figo ina nefroni kama milioni moja, na kila moja ina chujio lake. Kwa siku nzima figo mbili zinachuja kama lita 180 za maji ya damu na kurudisha karibu yote. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Katika mafuriko yote hayo, albumini inayopaswa kutoka kwa siku haifiki hata miligramu 30. Kinachoizuia ni ukuta wa tabaka tatu, na tabaka la nje ni seli zenye vidole vilivyopishana, zinaitwa podosaiti. Vidole hivyo vikilala, albumini inapita kama maji kwenye kikapu. Na podosaiti ikifa, mwili haurudishi nyingine kirahisi.

Ndiyo maana eGFR yako ni 96 na bado unaumwa. Chujio linapitisha maji vizuri kabisa, ila lina matundu. Kula protini zaidi hakuzibi tundu; kunaongeza kinachovuja na kuipa figo kazi ya ziada.

Msema Kweli

Nimesoma kwa makini. Hapo kwenye sistatini na albumini nakubali. Nasubiri kuona hizo "protini za moshi kabla ya moto", kwa sababu nimeona watu wakiuza vipimo vya ajabu kwa jina la sayansi.

Mpimaji

Mkuu Msema Kweli, uko sahihi kuwa mkali, na nitajibu kwa ukamilifu kwa sababu hapa ndipo pananivutia kuliko pote.

Ipo protini inaitwa suPAR. Ni kipande cha kipokezi kinachokaa juu ya seli za kinga. Kinakatika na kuelea kwenye damu. Hupanda mwili unapokuwa na mchochota wa muda mrefu, na wavutaji wa sigara huwa nayo juu. Mwaka 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu waliokuwa wakifuatiliwa kwa maradhi ya moyo huko Chuo Kikuu cha Emory, Marekani. Walipimwa suPAR mwanzoni, kisha watu 2,292 wakafuatiliwa utendaji wa figo zao.

Waligawanywa makundi manne kulingana na suPAR. Wale wa chini kabisa walipoteza 0.9 ya eGFR kwa mwaka, ambayo ni kama uzee wa kawaida tu. Wale wa juu kabisa walipoteza 4.2 kwa mwaka. Piga hesabu ya miaka kumi: mmoja kapoteza tisa, mwingine arobaini na mbili. Na kati ya waliokuwa na eGFR ya 60 au zaidi mwanzoni, walio kundi la juu walikuwa na hatari ya kuingia ugonjwa sugu wa figo mara 3.13 ya wale wa chini.

Kilichonifanya nirudie kusoma ni kwamba mporomoko unaohusiana na suPAR ulikuwa mkubwa zaidi kwa wale 921 walioanza na figo nzuri kabisa, eGFR 90 kwenda juu. Yaani watu ambao mimi hapa maabara ningewachapia karatasi isiyo na hata nyota moja ya onyo pembeni.

Wanasayansi wanadhani suPAR si shahidi tu, bali nayo hukamata vile vidole vya podosaiti na kuvilaza. Hilo bado linabishaniwa, hasa kama ndiyo chanzo cha aina fulani za ugonjwa wa chujio. Na wale walikuwa wagonjwa wa moyo, wastani wa miaka 63, si kila mtu wa mitaani. Mimi naichukua kama kengele nzuri, sijaichukua kama hukumu.

Msema Kweli

Umejibu kiungwana. Lakini nakubana hapohapo. Tuseme nimepima, iko juu. Daktari atanipa nini? Kama hakuna dawa ya kuishusha, umeniongezea hofu tu. Na maabara nyingi hata hazina hicho kipimo. Mtu ambaye hata mkojo hajapima unamwambia habari za suPAR?

Mpimaji

Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, na ninashukuru umelisema. Mtu ambaye hajapima presha, sukari, na albumini kwenye mkojo asikimbilie suPAR. Ule uwiano wa mkojo ni kipimo cha kawaida na unatabiri vizuri sana: chini ya 30 ni salama, 30 hadi 300 ni tahadhari, zaidi ya 300 ni hatari iliyo wazi. Hizo ni miligramu za albumini kwa kila gramu ya kreatinini. Ukiwa na eGFR nzuri na uwiano wa 400, wewe uko hatarini kuliko mwenye eGFR ya 58 na uwiano wa 5. Watu wengi hawaliamini hili mpaka waonyeshwe.

Ninachopinga ni neno "hofu tu". Mtu akijua yuko kwenye mteremko mkali kuna mengi ya kufanya hata bila dawa ya suPAR yenyewe. Sigara inaachwa. Presha inashikwa kwa nguvu zaidi. Dawa za maumivu zinazoumiza figo zinaondolewa. Na anapimwa mara nyingi zaidi. Shangazi yangu angeambiwa mapema angekuwa ameachana na diklofenaki miaka mitatu nyuma. Hicho ndicho kinachoniuma mimi.

Sukari Miaka 14

Naomba kuingia. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina kisukari aina ya pili kwa miaka 14. Mkojo wangu hauna albumini, uwiano ni 12. Daktari ananisifia. Lakini eGFR imetoka 88 hadi 67 ndani ya miaka mitano. Nikiuliza naambiwa ni umri. Nina miaka 51. Je, inawezekana figo ikashuka bila kuvuja?

Mpimaji

Dada yangu, inawezekana, na swali lako ni zito. Toa 67 kwenye 88, ni 21 kwa miaka mitano, zaidi ya nne kila mwaka. Umri wa kawaida unakula kama moja kwa mwaka baada ya miaka arobaini. Hiyo si ya umri peke yake. Wenye kisukari wengi tu hushuka bila albumini kuonekana kwenye mkojo.

Na hapa ndipo protini za damu zina historia nzuri zaidi. Watafiti wa Joslin, kituo cha kisukari kilichoko Boston, kwa miaka mingi wamefuatilia watu kama wewe. Mwaka 2012 walionyesha kwamba vipokezi viwili vya protini ya mchochota iitwayo TNF, vikiwa juu kwenye damu, vinatabiri nani figo itaporomoka miaka kadhaa mbele, kwa kisukari cha aina ya kwanza na cha pili. Mwaka 2019 wakapima protini 194 za mchochota na wakabaki na 17 zilizokwenda pamoja na hatari ya figo kufa kabisa. Nyingi kati ya hizo hazikuonekana kutoka kwenye figo yenyewe, zilikuwa zinatoka kwingine mwilini na kuifuata figo. Mimi niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatembea kidogo. Tumezoea kuiona figo kama mtu anayejiua mwenyewe, kumbe mara nyingine anapigwa na wa nje.

Kuna protini nyingine, KIM-1, ambayo hutoka kwenye mirija ya figo ikiumia. Marekani mwaka 2023 waliidhinisha kipimo kinachounganisha KIM-1, vile vipokezi viwili vya TNF, na taarifa za kawaida za mgonjwa, kwa ajili ya watu wenye kisukari aina ya pili ambao figo zimeshaanza kuguswa, kuwapanga nani yuko hatarini zaidi.

Lakini wewe huhitaji kusubiri hicho. Namba zako za miaka hiyo mitano zinatosha kuongea. Zipange kwa tarehe kwenye karatasi moja, mwoneshe daktari mteremko wenyewe, si namba ya mwisho tu. Muulize kuhusu sistatini C, na muulize kuhusu zile dawa za kisukari za kundi la dapagliflozini na empagliflozini. Hizo zimepimwa kwenye majaribio makubwa na zimepunguza kasi ya figo kushuka, hata kwa wasio na kisukari. Usizianze mwenyewe. Mwanzoni eGFR hushuka kidogo halafu hutulia, mtu asiyejua huziacha akidhani zinamuua.

Sukari Miaka 14

Nimezipanga. Ukiziona zote kwa pamoja zinatisha. 88, 85, 79, 73, 67. Kila mwaka nilikuwa naiona moja tu. Asante kaka.

Mwana wa Mzee

Mimi nimekaa na jambo moyoni mwaka mzima, uzi huu umenifungua.

Mzee wangu alianza kuumwa mgongo. Akachoka. Tukampima kila kitu. Kwenye karatasi protini jumla ilikuwa 9.8, na albumini 3.1. Aliyetusomea majibu alitabasamu, akasema mzee anakula vizuri, protini ziko juu. Tukafurahi kwelikweli. Kijiti cha mkojo kilikuwa karibu hakijabadilika rangi, kwa hiyo figo tukaambiwa nzima. Miezi mitano baadaye aliacha kukojoa. Kreatinini ikawa 8. Ndipo likatajwa jina la mayeloma, saratani ya uboho. Alikufa akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Swali langu kwa Mpimaji si la lawama. Je, ile karatasi ya kwanza ilikuwa na jibu ndani yake?

Mpimaji

Ndugu yangu, pole sana. Nimelisoma mara tatu kabla ya kuandika.

Umeniuliza swali la kweli, nakujibu kwa ukweli. Ndiyo, dalili ilikuwemo. Protini jumla ya kawaida ni kama 6 hadi 8.3. Ukitoa albumini kwenye protini jumla unabaki na globulini, ambazo nyingi ni kingamwili. Kwa mzee ilikuwa 9.8 kutoa 3.1, inabaki 6.7. Tofauti hiyo ikizidi 4, tunatakiwa kujiuliza ni nani anatengeneza kingamwili zote hizi. Inaweza kuwa maambukizi ya muda mrefu, ugonjwa wa ini, au maradhi ya kinga. Lakini kwa mzee mwenye maumivu ya mgongo na uchovu, mayeloma ilitakiwa kutajwa siku ileile. Chakula hakipandishi protini ya damu mpaka 9.8. Hakuna mlo unaofanya hivyo.

Kuhusu kijiti: kile kipande cha njano kinachogeuka kijani kinaikamata albumini. Seli za mayeloma humwaga vipande vyepesi vya kingamwili, na hivyo vinapita kwenye chujio, vinaganda ndani ya mirija ya figo na kuiziba. Kijiti hakivioni vizuri. Mkojo unaweza kuwa umejaa protini na kijiti kikabaki njano. Daktari Henry Bence Jones wa London alizieleza protini hizi mwaka 1847, ni jambo la zamani kabisa. Leo tunazitafuta kwa kutenganisha protini za seramu kwa umeme, na kwa kupima vile vipande vyepesi kwenye damu.

Tangu nianze kazi, kila nikiona pengo hilo limezidi 4 huwa nanyanyua simu kumpigia daktari aliyeandika kipimo. Wengine hukasirika. Napiga hivyohivyo.

Mwana wa Mzee

Nimekuelewa. Inauma, lakini afadhali kujua. Naomba wanaosoma hapa watoe karatasi za wazazi wao, wafanye hiyo hesabu ya kutoa.

Nesi wa Usiku

Wapendwa, mimi ni nesi, kitengo cha kusafisha damu. Nimechelewa kuuona uzi, zamu zimenibana.

Nataka kuongeza jambo moja kuhusu chakula, kwa sababu wagonjwa wangu wanachanganywa. Mtu mwenye figo zilizopungua ambaye hajaanza mashine, ushauri wa sasa ni kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, asizidishe. Akishaanza mashine maelekezo yanageuka, anatakiwa apate 1.0 hadi 1.2, kwa sababu mashine nayo inachukua na mwili unachakaa. Sasa ndugu anakuja kumwona mgonjwa akiwa bado na orodha ya zamani, anamkataza kila kitu. Mgonjwa anakonda mbele ya macho yetu. Kila mwezi tunapima albumini. Nikiiona imeshuka chini ya 3.5 na inaendelea kushuka, mimi huvuta kiti nikakaa naye. Naangalia mdomo wake kama una vidonda, naangalia mahali sindano inapoingia kama pamewaka, namuuliza anakula na nani. Kwenye mashine albumini inayoshuka hutangulia habari mbaya, na mara nyingi sababu si chakula, ni maambukizi yaliyojificha.

Kitinda Mimba, mdogo wangu, umepima mkojo?

Kitinda Mimba

Nimepima dada. Uwiano ni 3,400. Nilidhani wamekosea sifuri. Lehemu nayo imepanda sana, na mimi si mtu wa mafuta. Nimepelekwa kwa daktari bingwa wa figo. Ameniambia ni nefrotiki, yaani figo inamwaga protini nyingi mno kwenye mkojo. Ameagiza kipimo cha damu cha PLA2R.

Mpimaji

Hawajakosea sifuri ndugu yangu. Lehemu inapanda kwa sababu ini linajitahidi kufidia kinachopotea, na linapotengeneza albumini kwa pupa hutengeneza na vibebea mafuta.

Hicho kipimo alichoagiza nakipenda sana. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba watu wengi wenye ugonjwa mmoja wa chujio, unaoitwa membranasi, wana kingamwili kwenye damu inayoshambulia protini ya podosaiti zao wenyewe. Hiyo protini ndiyo PLA2R. Kingamwili hiyo ikionekana kwenye damu, mara nyingi daktari anaweza kuutambua ugonjwa bila hata kuchukua kinyama cha figo. Na mtu akitibiwa, kingamwili hushuka kwanza, albumini ya mkojo hufuata miezi kadhaa baadaye. Damu inatangulia hapo pia.

Nesi wa Usiku

Na mimi nikuombe jambo, mdogo wangu. Albumini ikiwa chini hivyo damu huganda kirahisi. Ukisikia shavu la mguu mmoja linauma na limevimba kuliko mwenzake, au pumzi inakata ghafla, usiandike humu. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kitinda Mimba

Nimesikia dada.

Majibu yametoka leo. Kingamwili ya PLA2R hakuna. Kwa hiyo Alhamisi wanachukua kinyama cha figo. Nitasema ukweli, naogopa. Mke wangu sijamwambia kuhusu sindano. Kuna aliyewahi kuona inavyofanyika?

Nesi wa Usiku

Nimesimama pembeni ya kitanda mara nyingi. Mwambie mkeo leo, aje na wewe, utamhitaji baadaye.

Kabla hujafika hakikisha wamejua kila dawa unayotumia, hasa aspirini na dawa za kuyeyusha damu, na presha yako iwe imetulia. Utalala kifudifudi, watakuwekea mto chini ya tumbo. Daktari ataitafuta figo kwa utrasaundi, utasikia ile jeli ya baridi mgongoni. Sindano ya ganzi ndiyo inayouma, inachoma kidogo kisha panakufa. Halafu utaambiwa vuta pumzi, izuie. Utasikia mlio, "ta!", mkali, kama mashine ya kubana karatasi. Wengi huruka kwa ule mlio kuliko kwa maumivu, kwa hiyo mwambie daktari akubonyezee kifaa mara moja uusikie kabla. Wanachukua vipande viwili hivi, vyembamba kama kiberiti kilichochongwa.

Baada ya hapo unageuzwa, unalala chali, saa sita hivi bila kuinuka. Hapo ndipo mkeo ana kazi, maana kila mtu hutaka kujaribu kukaa. Nesi atakuwa anakupima presha kila mara. Mkojo wako wa kwanza, wa pili na wa tatu usiumwage. Uweke kwenye chombo kisafi kinachoonyesha ndani, umwite nesi aupeleke kwenye mwanga. Ukiwa wa waridi kidogo mara ya kwanza hutokea. Ukizidi kuwa mwekundu badala ya kufifia, au mgongo ukaanza kuuma upya, sema hapohapo.

Nipo zamu Alhamisi usiku. Ukishalazwa chali andika hapa, nitakujibu.